Mzinga wa Kuku

Hapa Kidodi, mwanamume mzima akionekana kibarazani saa tatu asubuhi bila jembe wala panga, wapita njia hupunguza mwendo. Wa kwanza atasalimia. Wa pili atauliza kama kuna msiba. Wa tatu atakuja na kigoda chake akae, maana msiba wenyewe huenda bado haujatangazwa.

Kwa hiyo Agosti ni mwezi mgumu kwa mkulima wa miwa ambaye shamba lake limevunwa mapema. Miwa imechomwa, imekatwa, imepakiwa na kukimbizwa kiwandani, kwa sababu muwa uliopitiwa na moto hausubiri: ukilala siku mbili tatu utamu unashuka, na utamu ndio bei. Mbio zote zinaishia getini. Kutoka hapo hela huja kwa miguu.

"Tafuta kitu cha kufanya," mke wangu akaniambia, "kabla hujaanza kunifundisha kusonga ugali."

Nikaanza na uchoraji. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za dukani, bila kupita chuo chochote cha sanaa, na sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo iliyonivutia zaidi. Nikanunua vikopo vya rangi ya mafuta, tina na kipande cha silingibodi. Wanyama sikuwa na shida nao; barabara ya Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na kila aliyewahi kupanda basi huku amemwona twiga dirishani bila kulipa kiingilio. Lakini nilitaka kitu cha nyumbani. Nikamchora yangeyange, mweupe pee, amesimama kwenye shamba la miwa, nikamwanika uani akauke.

Rangi ya mafuta haikauki upesi. Jioni ile wakachoma shamba upande wa mtoni. Asiyejua mashamba ya miwa hudhani masizi ni vumbi tu. Yetu ni vipande vya majani, vyeusi, vyembamba, vinapaa juu na moshi halafu vinashuka taratibu vikichagua pa kutua. Akina mama hukimbilia kamba za nguo. Mimi nilikuwa nimeenda kunyoa. Niliporudi yangeyange alikuwa na madoa mwili mzima, na kila nililolibandua liliondoka na rangi yake.

Jirani akaja, akainamisha kichwa. "Shemeji, huyu kanga umempatia kabisa. Ila kama amegeuza nguo. Unauza?"

Swali hilo ndilo lililoua uchoraji wangu. Huku hakuna mtu anayefanya kitu kwa kukipenda tu. Lazima kiwe kinauzwa, au wewe mwenyewe huko sawa kidogo. Nilimpa bure, akamtundika sebuleni, na habari zikaenea kwamba kuna fundi wa rangi. Wiki iliyofuata kinyozi alitaka vichwa vya mitindo, mama lishe akataka sahani ya wali iliyojaa kuliko anayoiuza, na kazi yangu iliyosomwa na watu wengi zaidi mpaka leo ni USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, nyuma ya kilabu cha pombe. Wengi huisoma wakiwa katikati ya shughuli.

Nikahamia kwenye muziki. Gita nilipewa na binamu yangu wa Ulaya. Nasema Ulaya ya hapa Kilosa, si ile ya baridi. Ubaya ni kwamba mkoa huu ndio wa bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba. Mpiga gita Mbaraka Mwinshehe aliunda bendi ya Super Volcano mwaka 1973 na kufariki 1979, lakini walioyacheza magitaa yake bado wanatembea na fimbo zao na masikio yao hayajazeeka. Mmoja alisimama barabarani, akanisikiliza kwa heshima, kisha akauliza nilikuwa natengeneza nini. Nikalitundika gita msumarini barazani.

Ukabaki ufugaji nyuki. Upande wa Mang'ula, kando ya Hifadhi ya Udzungwa, wakulima wametundika mizinga kwenye uzio wa mashamba, tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka kuuliza kulikoni. Nikachonga mzinga wa mbao, nikaupaka nta ndani, nikauweka kwenye tagaa la chini la mwembe. Ubao mmoja wa ubavuni ulikosekana. Nao ulikuwa unasubiri hela za miwa.

Nyuki hawakuja. Akaja kuku wa jirani, akapanda, akazunguka mara moja kama mpangaji anayekagua chumba, akataga.

Ugomvi wa mayai ulifika kwa balozi. Jirani akasema kuku ni wake. Mke wangu akasema nyumba ni yetu na mpangaji hajalipa kodi. Balozi akauliza kama mzinga una asali. Hauna. Una nyuki? Hauna. "Basi huo si mzinga, ni banda," akasema, na banda lina mwenyewe na kuku ana mwenyewe, mayai yagawanywe nusu kwa nusu. Manne akabaki nayo kwa usumbufu. Tulipokuwa tunaondoka akanivuta pembeni: kwake kicheche anamaliza kuku, ningeweza kumchongea banda la juu la namna ile? Bei tungeelewana.

Nilikuwa katikati ya kupiga randa mbao za banda la balozi kundi la nyuki lilipopita. Walizunguka mwembe, wakamkuta kuku ameatamia, wakaendelea mpaka barazani na kuingia mmoja mmoja kwenye tundu la gita. Sasa tunatokea mlango wa uani.

Yule mzee wa fimbo alipita juzi. Akasimama mbali, ng'ambo ya barabara, akatega sikio kwenye ile ngurumo ya barazani.

"Leo angalau," akasema, "limeshika sauti."