Sifa za Mkweche Unaovuja Oili

Tone la oili chini ya mkweche halijapata wa kulitungia kasida, na hiyo ni dhuluma. Mfanyakazi gani mwingine huingia zamu kila usiku, sikukuu hata msiba, bila kudai posho, na asubuhi ripoti yake ikakutwa sakafuni?

Chukua Volkswagen Beetle, gari alilolitumia Tommy Fjastad kushinda East African Safari mwaka 1962. Injini yake haina rejeta. Hupozwa kwa upepo, ikisaidiwa na oili lita 2.5 tu. Waliolibuni hawakuwa wachoyo wa mahali pa kuvujia. Fito zinazosukuma vali hupita ndani ya mirija 8, na kila mrija una sili moja kila ncha, jumla 16, zote zikichemshwa na kupozwa kila safari. Bado gasketi za makava mawili ya vali. Gari la hivyo likivuja, limetimiza ahadi.

Tone hili, zaidi ya yote, ni mwalimu. Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku, asubuhi usome. Doa la pembeni ni kava la vali au sili za mirija. Doa la katikati ni sahani ya chujio. Doa la pale injini inapokutana na giaboksi ni sili ya flaiwili, na hapo sifa hupungua kidogo, kwa sababu oili ikifika kwenye klachi injini hunguruma vizuri sana huku gari likigoma kupanda kilima.

Nani mwingine angemlaza mkurugenzi mzima chali kwenye mkeka Jumapili, uso wake sentimita chache kutoka kwenye sahani ya chujio? Sahani hiyo hushikiliwa na nati sita ndogo za spana namba 10. Oili ikimwagwa ingali ya vuguvugu, sahani hushuka na chujio la waya, na ndani yake husomeka maisha ya injini: tope jeusi la kawaida, au vumbi la chuma linalometa, ambalo ni habari mbaya. Kisha huja mtihani wa subira. Nati zile hutaka kukazwa kidogo tu. Mwenye hasira akizivuta kama nati za gurudumu, stadi hung'oka kwenye aloi laini ya injini, na tone hupandishwa cheo likawa kijito.

Lina hisani nyingine pia. Oili inayorushwa na upepo hupaka chuma cha chini ya gari na kukikinga na kutu, huduma ambayo wengine huilipia gereji. (Mwenye nyumba mwenye sakafu mpya ya vigae hataliona hivyo, basi liwekewe sinia.) Gari jipya lisilovuja humlea mwenyewe vibaya: hafungui boneti mpaka taa nyekundu iwake.

Ila kasida hii ni ya oili ya injini peke yake. Unyevu ukionekana upande wa ndani wa gurudumu, huenda ni mafuta ya breki. Siku hiyo gari lisitoke getini mpaka breki zikaguliwe.