Hodi Isiyo na Bando

Mjomba wangu alipiga hodi mara tatu mlangoni kwangu, hakuitikiwa, akaondoka. Hilo ndilo kosa lake lote. Amelelewa Pangani, na huko mtu anafundishwa mapema kwamba hodi ni tatu: ya kwanza wenyeji wajue, ya pili wajiweke sawa, ya tatu waseme karibu au wanyamaze. Wakinyamaza unageuza. Kuchungulia dirishani ni utovu wa adabu, na kusukuma mlango ni wizi.

Nilikuwa ndani. Mke wangu alikuwa ndani. Watoto wetu wawili walikuwa ndani, tena sebuleni, hatua nne kutoka mlangoni. Mimi nilikuwa kifudifudi kitandani, nabishana na mtu nisiyemjua wa Mbeya au Mwanza kuhusu goli la Simba lililokataliwa. Mke wangu alikuwa na vile vidude visivyo na waya masikioni, anapika huku akicheka peke yake. Watoto nilipowahoji baadaye walikiri kwamba walisikia. "Kuna mtu alikuwa anasema hodi hodi," alisema yule mdogo. "Tukadhani anauza kitu."

Mtasema, si angepiga simu? Mjomba ana kiswaswadu, na siku hiyo kilizima chaji mahali fulani kati ya Segera na Chalinze. Akashuka Mbezi, akauliza njia kwa mdomo mpaka Magomeni, akafika, akapiga hodi zake tatu. Kisha akabeba kikapu chake cha maembe, kwani ilikuwa Desemba, akaenda kukaa kwenye baraza la kahawa pale kona.

Nilimkuta huko baada ya magharibi, nilipotoka kwenda kununua vocha. Kikapu kilikuwa kimebaki na maembe matatu. Mengine yalikuwa matumboni mwa watu ambao nawapita kila siku nikiwa nimeinamia kiganja changu.

"Shikamoo Mjomba! Umefika saa ngapi?"

"Marahaba. Alasiri. Karibu mwanangu, karibu kahawa."

Alinikaribisha yeye, kwenye mtaa wangu mimi. Nikaketi. Akaniambia kijana wa duka la mchele anaoa mwezi wa pili, kwamba maji yatakatika Alhamisi, na kwamba yule mbwa anayenisumbua usiku amehamia kwa Mpemba wa chipsi. Halafu akanywa funda moja, akasema, "Kumbe mwenye nyumba wenu anauza nyumba."

"Nyumba gani?"

"Hiyo unayokaa."

Miaka mitano nimeishi pale. Mjomba alikuwa na saa tatu.

Nisijitetee. Nyumbani kwetu chakula huitwa kwa ujumbe. Mke wangu yuko jikoni, mimi niko chumbani, kati yetu kuna korido ambayo mtoto anayetambaa anaimaliza kwa pumzi moja, lakini simu inalia: "Tayari." Nami najibu kwa kidole gumba. Kuna siku nilijibu gumba hilo kisha nikasahau kwenda kula, na ugali ukawa wa kutengenezea matofali. Mke wangu alipouliza kulikoni, aliuliza kwa maandishi.

Na majirani nimewahifadhi simuni kwa vyeo. Kuna Fundi Bomba, Mama Maandazi, Dada Gesi, na Mzee Geti Jeusi, ambaye mlango wake ni wa pili kutoka wangu. Nisingeweza kumtaja yeyote kati yao kwa jina hata kama ningewekewa kisu shingoni. Nikikutana nao ana kwa ana nasema "Ooo, habari za siku nyingi!" kwa furaha nyingi, maana furaha nyingi huziba pengo la jina.

Kukutana nao kwenyewe kumekuwa na hatari zake. Siku moja nilikuwa kituoni Magomeni Mapipa, kijana mmoja akasimama karibu yangu, akanielekea, akasema, "Vipi, mzima wewe?" Nikafurahi. Watu wenye salamu wamebaki wachache.

"Mzima, namshukuru Mungu. Sijui wewe."

"Mbona kimya hivyo?"

"Kazi tu ndugu yangu, si unaujua huu mji."

"Sasa ile hela?"

Moyo ukapiga shoti. Mimi nina watu wa kudaiwa nao, siwezi kusema nawakumbuka wote kwa sura. Nikashusha sauti. "Nivumilie mpaka mwisho wa mwezi, tafadhali. Nilipatwa na matatizo kidogo."

Kijana akageuka. Ndipo nikaona kile kidude cheupe kwenye sikio la upande wa pili. Akakigusa, akasema, "Hebu subiri kidogo. Kuna mzee hapa ananisemesha."

Sikuudhika kwa kuitwa mzee. Niliudhika kwa jinsi alivyolitamka neno "ananisemesha", kama ambavyo zamani tungesema "ananiingilia mfukoni". Nikatoa simu yangu nikajifanya naisoma. Ilikuwa imezima.

Sasa nifike kwenye lile ambalo mke wangu ameniomba nisiliandike.

Mwezi wa tatu, alfajiri moja, niliamshwa na mburuzo wa viti vya plastiki. Viti vingi, juu ya sakafu ya saruji, karibu na kichwa changu. Usiku ule nilikuwa nimelala na video masikioni, kwa hiyo sikuwa nimesikia lolote kabla ya hapo. Nikaokota simu, nikafungua grupu la mtaa, ambalo nimelinyamazisha tangu siku ya ugomvi wa taka. Kulikuwa na ujumbe zaidi ya arobaini sijausoma. Sikuusoma. Nikaandika: "Ndugu wenye shughuli, hongereni, lakini viti viburuzwe kwa adabu. Wengine bado tumelala."

Nikarudi kitandani. Nusu saa baadaye nikachungulia simu, nikaona tiki zangu zimekuwa za bluu. Wanaojua grupu wanajua maana yake: hazigeuki bluu mpaka kila mwanachama awe amefungua. Watu 64 walikuwa macho saa kumi na mbili kasoro asubuhi, wote wamesoma, na hakuna aliyejibu hata nukta.

Aliyenijibu ni binamu yangu aliye Muscat. Alikulia mtaa huu, akaondoka, lakini grupuni hakuondoka. Aliniandikia pembeni: "Kaka, futa haraka. Huo ni msiba. Amefariki Mzee wa geti jeusi."

Oman inajua mlango wa pili kutoka kwangu nani kafa. Mimi ninayetenganishwa na maiti kwa kuta mbili nalalamikia viti.

Nikafuta. Kwa mkono uliokuwa unatetemeka nilibonyeza "futa kwangu" badala ya "futa kwa wote". Kwa hiyo ule ujumbe ulitoweka mbele ya macho ya mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni mimi. Wengine 63 wanao mpaka leo.

Hapo nilifikiria njia za kistaarabu. Namba ya rambirambi ilikuwa imeshawekwa grupuni, ningeweza kutuma pesa kwa simu, nikaweka na ile picha ya mishumaa na mikono iliyokunjwa, mambo yakaisha. Mke wangu alisimama mlangoni, hakutuma ujumbe safari hii, akasema kwa kinywa chake, "Vaa kanzu. Twende."

Nikaenda kukaa jamvini. Nakiri nilikuwa nimesahau kazi hiyo inavyofanywa. Mzee mmoja alianza kunisimulia habari za marehemu tangu walipokutana Kariakoo ujanani, na alisimulia polepole, anarudi nyuma, anasahihisha mwaka, anamtafuta mtu amkumbushe jina la duka. Kidole changu cha shahada kilikuwa kinacheza chenyewe juu ya goti. Kilikuwa kinatafuta pale pa kubonyeza ili mzee aende mwendo mara mbili, kama nifanyavyo na sauti za WhatsApp.

Hakukuwa na pa kubonyeza. Nikasikiliza yote. Ndivyo nilivyojua kwamba Mzee Geti Jeusi alikuwa fundi redio, kwamba alikuwa na jina, na jina zuri, na kwamba ile redio yangu iliyokufa ninayoitumia kuegeshea mlango wa stoo angeitengeneza bure, maana kazi zenyewe zilikuwa zimemwishia na aliikumbuka harufu ya risasi ya kuunganishia waya.

Mwanawe wa kiume alikuja kunipa mkono. Nikaanza, "Jirani, kuhusu ule ujumbe wangu…"

"Usijali," akasema. "Jioni tutavirudisha taratibu."

Basi. Siku hizo zikapita, nami taratibu nikarudi kiganjani mwangu, maana aibu ya binadamu nayo ina bando lake, hukwisha.

Ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Wengi mnaikumbuka kwa sababu mtandao ulianguka karibu Afrika Mashariki nzima. Mimi naikumbuka kwa sababu ilikuwa Siku ya Mama Duniani, na nilikuwa nimeshachagua picha ya mama yangu ya kuweka kwenye status, pamoja na maneno mazito ya kumwambia jinsi ninavyompenda, ingawa mama hana WhatsApp. Picha ikagoma kupanda. Nikadhani bando limeisha, nikanunua la shilingi 500. Ikagoma. Nikanunua lingine. Nikazima simu, nikaiwasha, nikaipuliza. Mwisho nikatoka nje nikiwa nimeinyanyua juu.

Mtaa mzima ulikuwa nje umenyanyua simu juu. Ungedhani tunatafuta mwezi wa Idi.

"Kwako ipo?" Mama Maandazi akaniuliza.

"Haipo. Kwako?"

"Ipo kidogo, halafu haipo."

Hayo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote ya miaka mitano.

Tukajikuta barazani kwa muuza kahawa, kila mtu na nadharia yake. Mmoja akasema serikali. Mwingine akasema papa amekata waya, na akaonyesha kwa mikono ukubwa wa papa mwenyewe. Ndipo mtoto wa marehemu akaingia ndani akatoka na redio ya baba yake, ya mbao, imefungwa kwa mpira. Ilikuwa inafanya kazi. Kupitia redio hiyo tukasikia kwamba hitilafu iko kwenye mikongo ya baharini, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo hiyo ina majina, EASSy na Seacom, iko chini ya bahari yetu tangu miaka ya 2009 na 2010, na hakuna hata mmoja wetu barazani aliyekuwa akijua kwamba ugomvi wake wa Simba na Yanga na mtu wa Sinza huenda unapitia chini ya Bahari ya Hindi kwanza. Aliyesema papa alidai ameshinda, kwa sababu ni baharini.

Zanzibar, pale Mji Mkongwe, kuna kijibaraza kiitwacho Jaws Corner, watu wanakunywa kahawa na kucheza dhumna, na juu yao imetundikwa simu ya zamani yenye maandishi ya Kiingereza yanayotangaza kupiga nje ya nchi bure. Haijaunganishwa popote. Siku zote nilidhani ni mzaha wa kuwachekesha watalii. Siku ile nikiwa na kikombe mkononi na simu yangu mfukoni imekufa vilevile, niliuelewa mzaha wenyewe.

Simu za kawaida, za kupiga na kuongea, zilikuwa zinaita. Ni kwamba tu hakuna aliyekumbuka. Fundi Bomba ndiye aliyesema, "Si umpigie tu huyo mama yako?" Nikampigia. Iliita mara moja.

"Nani kafa?" akauliza mama.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni Siku ya Mama."

"Mama yupi?"

"Wewe."

"Mimi nina siku? Kwani nimekufa?"

Tukazungumza dakika 40. Sehemu kubwa ilikuwa habari za mkojo wa mbuzi na mtu aliyehamisha mpaka wa shamba kwa hatua mbili. Akanipa na Mjomba, ambaye ni kaka yake, naye akaniarifu kwamba nyumba yangu haiuzwi tena, mnunuzi amekimbia bei. Nikamuuliza yeye aliye Pangani amejuaje. Akanishangaa. Alisema anampigia muuza kahawa wetu kila Ijumaa.

Mtandao uliporudi, simu ilitetemeka mpaka ikaanguka kutoka mezani. Grupu la mtaa lilikuwa na ujumbe 118. Karibu wote ulikuwa ule ule, umeandikwa siku ile ile na watu tuliokuwa tumekaa nao baraza moja: "Jamani, kwenu WhatsApp ipo?"

Mjomba anakuja tena Desemba, na maembe. Watoto nimewafundisha: mtu akisema hodi, si muuzaji, na jibu lake ni karibu. Yule mkubwa ameelewa. Mdogo bado anauliza kwanza anauza nini. Nanyi mkipita Magomeni mkauona mlango wa kijani unaofuata baada ya jirani wa geti jeusi, msinitumie ujumbe kwamba mko nje. Pigeni hodi. Na ikipita ya tatu kimya, tafadhalini, ongezeni ya nne.