Jinsi ya Kupika Matokeo ya Maabara Bila Kuyaunguza

Mdogo wangu, kesho ni jaribio la alama ya X. Unamimina asidi ya haidrokloriki kwenye sodiamu thaiosalfeti, salfa inajitokeza kama ukungu wa manjano, na X iliyochorwa kwenye karatasi chini ya bika inapotea. Kazi yako ni kuhesabu sekunde tu. Lakini una mambo yako. Sogea nikunong'oneze.

1. Anza na jibu. Thaiosalfeti tupu, sentimita za ujazo 50, ipe sekunde 20. Nyingine zinajizaa: 40 na maji 10, sekunde 25; 30, sekunde 33; 20, sekunde 50; 10, sekunde 100. Ukolezi ukipungua nusu, muda unakuwa maradufu, maana chembe zimetawanyika na hazigongani mara nyingi kama mwanzo. Jirani yako akiandika kwamba maji huharakisha mmenyuko, hama dawati.

2. Zichafue. Namba safi hivyo hazitoki maabara ya shule. Andika 20, 26, 32, 51, 97. Hiyo 97 ni tamu: X haipotei ghafla, inafifia, na kila jicho lina ubishi wake.

3. Maji, maji, maji! Wapishi wengi huunguza hapa. Kila mstari wa jedwali, thaiosalfeti na maji vitimie 50. Usipoandika maji, hujazimua chochote. Umepunguza kina tu, na mtahini atamwita mwenzake waje wacheke wote.

4. Usinakili jedwali la binamu yako wa Njombe. Baridi ya kule mwezi Julai hurefusha sekunde, joto la Dar es Salaam huzifupisha. Na mwalimu huenda ameshaijaribu dawa hiyohiyo, anazijua sekunde zake.

5. Grafu ndiyo ya kujitanulia. Ukichora muda dhidi ya ukolezi unapata mkunjo, haupendezi. Gawa 1 kwa muda: 0.050, 0.038, 0.031, 0.020, 0.010. Mstari unanyooka kuelekea sifuri. Chini yake andika kwa mwandiko wa harusi: "Kasi inawiana na ukolezi wa thaiosalfeti." Kisha egemea kiti kama profesa.

Nenda kalale, usiku umekwenda. Jumla ya sekunde ulizokwepa kuhesabu ni 226. Hazifiki hata dakika nne.