Muulize Mjomba Waya

Barua za wiki hii zote ni za wapenda mashine wa barabara ya Bagamoyo. Nimezijibu hapa kibandani Kerege, umeme ukiwepo na usipokuwepo.

*Mjomba, shikamoo. Nina duka la kutoa kopi hapahapa Kerege. Flashi ya mwalimu mmoja imeingia kirusi: folda zote zimegeuka njia za mkato, ukifungua hupati kitu. Mitihani ya muhula imo humo. Niifomati? – Mwenye Duka*

Marahaba. Thubutu! Utakuwa umemzika mtu aliyelala. Mitihani ipo, kirusi kimeificha tu. Tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme G. Fungua lile dirisha jeusi la cmd, andika attrib -h -r -s /s /d G:\*.* kisha bonyeza Enter. Folda zitajitokeza. Nakili kazi za mwalimu peke yake. Faili zenye mkia wa .lnk au .vbs usiziguse, ndizo zenye ugonjwa. Hapo sasa fomati, halafu usafishe na kompyuta yako, maana huenda ndiyo inayowaambukiza wateja.

Na hiyo mitihani usiiache kwenye kompyuta ya dukani. Watahiniwa wenyewe ndio wanaokuja kwako kuprinti. Hata zile skani za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu ulizozirundika humo, zifute mteja akishaondoka: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na duka la kopi halikusamehewa.

*Mjomba, mimi ni mhasibu msaidizi, ofisi yetu iko Mapinga. Kosa langu ni kujua kompyuta. Printa ikigoma naitwa, simu ya bosi ikijaa naitwa, juzi nimeitwa kikao cha harusi ya binti yake niseti projekta. Umeme ukikatika printa inazima na kompyuta zote. Hesabu zangu hazifungi. – Fundi Asiyelipwa*

Kujifanya hujui umeshachelewa. Ila nunua daftari. Anayekuita aandike kwa mkono wake: tatizo nini, limeanza lini, aligusa nini mwisho. Matatizo mengi yatafia hapo, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayependa kuandika "sikuchomeka waya". Yatakayobaki yaandikie saa ulizotumia, na mwisho wa mwezi mpelekee bosi daftari pamoja na hesabu ambazo hazijafungwa. Usiongeze neno.

Dawa kali zaidi ilishawahi kutumika. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu za Hazina kuleta hasara na vurugu. Wahasibu wa enzi hizo hakuna aliyewasumbua na projekta. Sidhani kama bosi wako atakubali.

Printa nayo naijua hata bila kuiona: ni ya leza, na mmeichomeka kwenye UPS. Ile hupasha moto roli ya kuyeyushia wino wa unga, na hapo huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. UPS ndogo inazidiwa, inazima kila kilichochomekwa. Irudishe ukutani, UPS iachie kompyuta. Umeme ukikatika, chomoa printa mpaka utulie. Ule wa kurudi ndio unaounguza.

*Mjomba, ujumbe wa kumsema bosi nilitaka kumtumia mke wangu, ukaenda grupu la ofisi. Nimefuta kwa wote. Ameuona? – Kidole Chepesi, Mapinga*

Mapinga tena? WhatsApp ikifuta inaacha tangazo kwamba ujumbe umefutwa, na hapo hata asiyekuwa na habari anaanza kuuliza. Ungetazama kwanza taarifa za ujumbe ungejua nani kausoma. Sasa nazo zimekwenda. Kesho wahi kazini, msalimie mzee kama siku zote. Akiuliza ulifuta nini, mwambie ulikosea kiasi cha mchango wako wa harusi ya binti yake, kisha utaje kikubwa zaidi.