Wasiopenda Makuu

Wapo wanaowanung'unikia wakubwa wasiojiuzulu. Hawajui historia. Miaka ya 1970, katika msako wa wauaji huko Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakuwa amemgusa mtu, lakini akajiuzulu. Tazameni basi yaliyompata: akapelekwa ubalozini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 akabebeshwa Muungano mzima! Mheshimiwa wa leo anayekiganda kiti kama kupe ameyasoma hayo vizuri. Hataki makuu. Na sisi, kwa utovu wa shukrani, tunamwita mroho.

Tena anaonewa tu. Kila mwisho wa Machi Mkaguzi Mkuu hukabidhi ripoti Ikulu, na humo fedha huondoka zenyewe, mikataba hujisaini, malipo hewa hujilipa. Hata jini huwa na mwenyewe aliyemtuma; hizi hazina. Umwajibishe nani, kalamu?

Wanaodai kwamba hapa hakuna anayewajibishwa nao wana chumvi. Profesa Mussa Assad, akiwa Mkaguzi Mkuu, alitamka kwamba Bunge lina udhaifu. Akaitwa kwenye kamati, akahojiwa, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Mambo yalikwenda kwa kasi ya kupendeza, wala hakuna aliyetuambia kwamba uchunguzi bado unaendelea.