Saa Moja na Nusu hadi Entebbe

Nimefika harusini wakati vijana wanapanga viti juu ya lori. Mdogo wangu, baba wa bwana harusi, aliniuliza mbele ya wakwe zake wote wa Kampala, kwa upole unaouma kuliko tusi: "Yaya, mkubwa wangu, si ni saa moja na nusu tu?" Akanyanyua simu kila mtu aone: Kisangani hadi Entebbe, kilomita 800 na kidogo. Mzee mmoja akataka kujua kama nimekuja kwa miguu.

Simu haikudanganya, na hilo ndilo linaloniudhi. Hesabu yake nimeichambua usiku kucha. Kisangani iko longitudo 25, Entebbe 32 na ushee, tofauti ni digrii saba na robo. Sisi wa ikweta hatupunjwi: digrii yetu moja ni kilomita 111 kamili. Paris, ambako dunia imeanza kujikunja, digrii hiyo hiyo imesinyaa hadi 73! Zidisha, unapata 800. Gawanya kwa mwendo wa ndege ya jeti, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kwisha. Hata jua linaafiki. Linakata digrii moja kila dakika nne, kwa hiyo likishachomoza Entebbe, sisi wa Makiso, mjini Kisangani, tunalipata baada ya nusu saa hivi. Serikali zetu zimeamua tofauti iwe saa nzima; hilo nimewasamehe.

Simu haikuuliza jambo moja: ndege yenyewe iko wapi? Abiria wa Bangoka, uwanja wa ndege wa Kisangani, anayekwenda mashariki huanza kwa kwenda magharibi. Kilomita 1,200 na zaidi hadi Kinshasa, anarudisha saa yake nyuma, analala, halafu anageuzwa karibu kilomita 2,000 kuelekea alikotoka. Ukivuta uzi kwenye ramani kutoka Kinshasa hadi Entebbe, unapita kati ya Kisangani na Kindu. Nilibandika uso dirishani nikitafuta bati la nyumba yangu, jirani yangu wa kiti akadhani naomba. Jumla, mara nne ya ile njia ya simu. Goma ingetufaa, lakini uwanja wake ulifungwa Januari 2025. Barabara ya Beni naiacha kwa ajili ya usalama wangu.

Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege, nililipa ya ndani na ya nje. Valizi yenye samaki wa kukaushwa ilitua maharusi wakiwa fungate.

Nilicheka nao, mpaka mkwe mmoja aliposema Kisangani ni mbali mno. Mbali kwa nani? Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, maelfu ya makombora yakawaangukia watu wasiokuwa na ugomvi na yeyote. Wale hawakupitia Kinshasa. Almasi na mbao zilizoporwa kwetu miaka ile nazo hazikulala hotelini zikisubiri ndege ya kesho. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo fidia ya dola milioni 325. Maana yake hata majaji wa The Hague wanajua kwamba njia ya huku na huko ipo.

Basi ninyi mnaopanga safari za ndege, Kinshasa na Kampala: tupeni hata moja kwa wiki, hata ya propela. Binti wa mdogo wangu ameshachumbiwa, na mshenga ni mimi.