Mbuzi Hadanganyiki

Kwetu Katanika, Kalemie, hatuna farasi. Tuna ziwa, tuna ndagala, tuna pikipiki zinazobeba watu watatu na godoro. Farasi tunamwona kwenye picha ya Mtakatifu Georgi tu. Pande nyingi za Kongo mbung'o walishakata kesi hiyo zamani: farasi wakimuuma anashikwa na nagana, na safari yake haifiki mbali. Kwa hiyo mafunzo ya umakini na ubunifu, ambayo wenzetu wanapewa na farasi, sisi tunayapata kwa mbuzi wa jirani.

Mbuzi huyo anapenda muhogo wetu unaokauka uani. Nikitoka na fimbo nimeificha mgongoni, huku napiga mluzi wa wimbo wa kanisani, anaondoka kabla sijavuka kizingiti. Mtoto akipita na fimbo ileile akiichezea, mbuzi anatafuna. Nikienda chooni kweli, hanijali, anatafuna. Nilipomrukia ghafla, niliangukia ndagala za mke wangu zilizoanikwa mkekani. Mbuzi alisimama kando, akanitazama, akatafuna. Tukaziba tundu la ua kwa bati. Kesho yake akaingia mlangoni, nyuma ya dada aliyeleta maji, taratibu kama mmoja wa familia.

Siri hiyo ya mnyama kumsoma mtu ilijulikana Berlin kwa farasi aliyeitwa Hans. Mwaka 1904 watu walijazana kumwona akijibu hesabu kwa kugonga ukwato chini. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, hakuwa tapeli. Aliamini kweli kwamba mwanafunzi wake anahesabu. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alifichua siri: muulizaji asipojua jibu, Hans naye halijui. Muulizaji akiinama kidogo, farasi anaanza kugonga. Kichwa kikiinuka kidogo tu, anaacha. Hesabu ilifanywa na mtu, farasi akamsoma mtu.

Sokoni Kalemie wapo akina mama wenye kipaji hichohicho. Namwambia muuza ndagala, "Mama, napita tu," naye hasikilizi mdomo. Anaangalia macho yalipotua, na bei inapanda. Basi, ndugu msomaji, fuata njia ya Pfungst: mtume sokoni mtu asiyejua una faranga ngapi, na ikiwezekana asiyekula samaki kabisa.